Telefone ya mama na mtoto wa SS



Munganga akipokea mtoto mgonjwa, swali lake la kwanza si juu ya dawa. Anauliza: «Mama, ilianza lini?» Kisha: «Mara ya mwisho ilikuwa mwezi gani? Walimpa nini? HB yake ya siku zote ni ngapi?» Na mama, ambaye hajafunga jicho usiku mbili, aliyebeba mtoto mgongoni kutoka juu Kadutu, anajibu: «Tangu juzi.» Katika kinywa chetu «juzi» inaweza kuwa siku mbili, inaweza pia kuwa Pasaka iliyopita. Si ujinga wa mama. Hakuna kichwa kinachoweza kulinda tarehe zote za mtoto anayeuguaugua tangu alipozaliwa, hasa kama nyuma yake kuna wengine watatu, na soko, na maji ya kuteka.

Lakini wengi wetu tuko na kitu ambacho hakisahau tarehe. Kinalala chini ya mto. Tunakitumia kupiga, kutuma pesa, kusikiliza redio na, tuseme ukweli, kuangalia arusi za watu ambao hatuwajui. Telefone, hata ile ndogo ya vifungo, inaweza kuwa daftari ya afya ya mtoto. Juma hili nataka tuzungumze namna ya kuitumia, hasa kwa watoto wa SS, sababu hao ndio wengi kwetu. Mwishoni nitagusa pia kifafa na asma.

Mimi si munganga. Nafundisha mwaka wa pili wa masomo ya msingi, na karibu kila mwaka kalasini mwangu kuna mtoto mmoja anayekosa siku nyingi kwa sababu ya mifupa. Mambo ya dawa ninayoandika hapa ni yale ambayo waganga wenyewe wanafundisha wazazi; mambo ya telefone nimejifunza pamoja na wamama wa avenue yetu.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Damu ina chembe nyekundu zinazobeba hewa mwilini. Kwa mtu mzima wa afya ni za mviringo na laini, zinapita kila fasi. Kwa mtoto wa SS zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, zinaziba mishipa midogo. Pale zinapoziba ndipo mtoto analia: mguu, mgongo, tumbo, kifua. Na kwa kuwa chembe hizo zinakufa upesi kuliko za kawaida, mtoto anabaki na damu kidogo na macho ya manjano. Munganga James Herrick wa Chicago ndiye aliyeandika juu ya chembe hizo za mundu katika 1910, lakini ugonjwa ulikuwa Afrika tangu zamani. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba katika nchi za Afrika zilizo karibu na ikweta, kati ya watu 100, kuanzia 10 mpaka 40 wanabeba alama ya ugonjwa bila kuugua. Hao ndio AS. Mama AS na baba AS wakizaa, katika kila mimba kuna nafasi 1 kwa 4 kwamba mtoto atakuwa SS. Ni kila mimba, si kwamba ukishazaa mmoja mgonjwa watatu wanaofuata ni salama. Na ni mama pamoja na baba. Nairudilia sababu najua nyumba ambamo mama amefukuzwa kwa maneno ya «damu yako mbaya».

Basi, telefone itaandika nini?

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni HB ya kawaida ya mtoto wako. Watoto wengi wa SS wanaishi na HB kati ya 6 na 9. Wanacheza, wanasoma, wanacheka na 7. Mtoto mwingine asiye na SS akiwa na 7, munganga anaogopa. Kwa hiyo mtoto wa SS akifika fasi ambapo hawamjui, wakapima wakaona 7, wanaweza kuharakisha kumuongezea damu ambayo hakuihitaji. Kila mfuko wa damu una bei yake, na si bei ya pesa tu: damu inaweza kuleta magonjwa kama haikupimwa vizuri, na mwili uliopokea damu mara nyingi unaweza kuanza kukataa damu ya watu wengine siku ile inapohitajika kweli. Upande mwingine, kama mtoto wako ni wa 8 siku zote na leo ana 5, namba hiyo inasema kitu ambacho hakingoji.

Kwa hiyo kila karatasi ya laboratware ipige picha siku hiyohiyo, kabla haijalowa mvua ao mdogo wake hajaifanya ndege ya karatasi. Weka karatasi mezani, karibu na dirisha, simama ili kivuli chako kisiangukie juu yake, angalia kama tarehe na namba zinasomeka. Picha isiyosomeka ni sawa na hakuna picha. Piga pia karatasi ya chanjo, karatasi ya elektroforezi inayoonyesha AA, AS ao SS (ya mtoto na ya ninyi wazazi kama mmepimwa), kundi lake la damu, na kila sanduku la dawa upande ulioandikwa miligramu.

Kuna mama wa avenue yetu aliyefika usiku katika hospitali moja ambayo hakuwa ameizoea, mtoto akilia mguu. Walipima, wakapata 7,1, wakaanza kusema juu ya kutafuta damu, na pesa. Alifungua telefone akaonyesha picha nne: 7,0, 7,3, 6,9, 7,2, zote za siku ambazo mtoto alikuwa mzima. Munganga wa zamu alizitazama moja moja, akamgusa mtoto tumbo, akahesabu pumzi, akasema: «Hii ni damu yake ya kawaida. Tutatibu maumivu na kumpa maji.» Walitoka siku ya tatu. Mama huyo hakubishana na mtu. Alionyesha tu.

Jambo la pili ni mashambulio ya maumivu. Kila mara yanapokuja, andika mambo matano: siku na saa yalipoanza, sehemu ya mwili, ukali, ulichofanya, na saa yalipopungua. Juu ya ukali tumia vidole. Mwambie mtoto: «Vidole kumi ni maumivu makubwa kuliko yote uliyowahi kusikia, ngumi ni hakuna maumivu. Nionyeshe.» Watoto wa miaka sita wanaelewa hilo upesi kuliko wakubwa. Kwa mdogo asiyeweza kuhesabu, andika kile unachoona: amekataa kukanyaga, hataki kuguswa mkono, ameacha kucheza, amekataa hata kile anachopenda. Na kwa mtoto mchanga, kuanzia karibu miezi sita, mikono na miguu iliyovimba bila kuanguka mara nyingi ndiyo alama ya kwanza kabisa. Piga picha ya mikono miwili pamoja, ili tofauti ionekane.

Mama yule niliyemtaja aliacha masomo mwaka wa tatu na kuandika kunamchosha. Yeye anarekodi sauti. Kila mangaribi, akiisha kuosha vyombo, anasema ndani ya telefone: «Leo Jumanne. Mtoto amekunywa chupa tatu. Amemeza dawa. Mguu wa kushoto, vidole vinne, tangu saa kumi. Nimempaka, nimemfunika, amelala.» Nusu dakika. Telefone yenyewe inaweka tarehe. Nilisikiliza sauti zake za miezi mitatu pamoja naye na muuguzi, na ni muuguzi aliyesikia kile sisi hatukukisikia: maumivu yalikuja mara nyingi usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Jumamosi ni siku mtoto haendi masomo, basi alikuwa anapanda na kushuka kilima na bidoni ya maji pamoja na kaka zake, juani, bila kunywa. Nyanya yake alikuwa na maelezo mengine juu ya usiku huo wa Jumamosi, maelezo yaliyomgusa jirani fulani. Sasa mtoto anakaa kwenye chemchemi kulinda bidoni na anakunywa kila mara wenzake wanapopanda. Mashambulio hayakwisha, ugonjwa si wa bidoni tu, lakini Jumapili nyingi zimekuwa za amani, na jirani naye anasalimiwa tena.

Nisisitize hapa: miezi miwili ao mitatu ndiyo inaonyesha kitu. Usione maumivu baada ya mtoto kula maharagi mara moja ukamkataza maharagi maisha yake yote. Yale yanayojulikana kuamsha mashambulio ni baridi, kukosa maji mwilini, kuchoka sana, homa na malaria, na mara nyingine hakuna sababu inayoonekana. Kwetu Bukavu baridi ya asubuhi si mchezo. Andika kama alinyeshewa, kama alioga maji baridi, kama alitoka bila sweta.

Wale wenye telefone ya vifungo wasiseme «hii si yangu». Fungua fasi ya kuandika ujumbe, andika maneno machache, kisha usitume, uhifadhi tu. Telefone nyingi zinauweka pamoja na ujumbe usiotumwa, na hautakula hata unite moja. Ukipenda, ujitumie mwenyewe ao umtumie dada yako wa kuaminika, ili tarehe ibaki. Maneno yawe mafupi: «12/3 saa 2 usiku. Mgongo 6. Paraseta saa 2.30. Kapungua saa 5.» Na kengele iko katika kila telefone.

Hiyo kengele ndiyo jambo la tatu. Mtoto wa SS ana dawa za kila siku hata akiwa mzima: asidi foliki kama munganga ameiandika, penisilini mara mbili kwa siku kwa watoto wadogo mpaka angalau miaka mitano, na kwa wengine hidroksiyurea mara moja kwa siku. Ni dawa za mtoto anayecheza, ndiyo maana zinasahaulika. Weka kengele kwenye saa ambayo tayari uko nyumbani, kwa mfano saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya masomo. Chagua mlio ambao si wa kuita watu, ili mtoto mwenyewe aujue. Kalasini nina msichana ambaye akisikia mlio kama huo katika telefone ya mtu mwingine ananyanyua kinywa kama ndege.

Paraseta ni tofauti, na hapa kengele inalinda mtoto na sisi wenyewe. Kipimo chake kinafuata uzito wa mtoto, kinarudiliwa nyuma ya masaa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku moja. Usiku wa maumivu mama anampa saa mbili, baba anaamka saa tano hajui kama amepewa, anampa tena, na shangazi anayefika asubuhi naye ana yake mkononi. Paraseta ikizidi inaharibu ini. Ukimpa tu, andika saa na uweke kengele ya masaa 6. Anayetaka kumpa tena aangalie kwanza telefone.

Juu ya hidroksiyurea niseme zaidi kidogo, sababu wamama wengi waliniuliza kama ni dawa ya wazungu ambayo haifai watoto wetu. Ilijaribiwa kwa watoto wetu. Katika utafiti uliochapishwa 2019, watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda walianza kuimeza kila siku. Kwetu ilifanyika Monkole, Kinshasa, na munganga Léon Tshilolo alikuwa mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo. Mashambulio ya maumivu yalipungua zaidi ya nusu, malaria pia, kuongezewa damu kulipungua hata zaidi, na vifo vilipungua. Lakini inaweza kushusha pia chembe nyeupe na zile zinazogandisha damu, kwa hiyo damu ya mtoto inapimwa mara kwa mara na munganga ndiye anayepandisha ao kushusha kipimo. Hapo picha zako za laboratware zina kazi: munganga anaziweka kwa mstari, za Januari, Machi, Mei, anaona mwendo. Usinunue sokoni ukaanza peke yako. Na mama mwenye mimba asifungue kapsuli kwa mikono mitupu. Mtu mwingine ampe mtoto, ao avae glavu, kisha mikono ioshwe.

Sasa homa. Telefone haipimi homa. Kuna programu zinazodanganya kwamba ukiweka kidole kwenye kamera zitakwambia joto la mtoto, zifute. Nunua termometre, ile ndogo yenye namba, na kama pesa ni shida, kundi la likelemba linaweza kununua moja kwa nyumba tatu za jirani. Kwa mtoto wa SS, 38 ni ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na 38,5 ao zaidi usingoje hata saa moja, hata kama anacheka. Wengu wake, ule mfuko wa upande wa kushoto chini ya mbavu unaosaidia mwili kupigana na vijidudu, unaharibika mapema, kwa hiyo maambukizo yanaweza kumuua kwa siku moja. Andika joto na saa, lakini andika ukiwa njiani.

Wengu huohuo unaweza kuvimba ghafula na kumeza damu ya mtoto ndani yake. Omba muuguzi akufundishe kuugusa siku mtoto akiwa mzima: unamlaza chali, unaweka vidole taratibu chini ya mbavu za kushoto. Wengine hawausikii kabisa, wengine wanausikia vidole viwili. Andika «wengu vidole 2» kila Jumapili. Siku ukisikia vidole vinne, na viganja vimekuwa vyeupe, na mtoto hana nguvu, hiyo ni ya kukimbia. Juu ya weupe, picha ya kiganja inasaidia tu kama imepigwa mchana, nje, karibu na kiganja chako mwenyewe. Picha ya usiku kwa taa ya telefone inamfanya kila mtu kuwa mgonjwa.

Saa ya kuhesabu sekunde iliyo katika telefone ina kazi nyingine. Mtoto akikohoa ao akilia kifua, mwache atulie, inua nguo, hesabu mara ambazo kifua kinapanda kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40 ao zaidi ni haraka mno; kwa mchanga wa miezi miwili mpaka kumi na miwili, ni 50 ao zaidi. Katika SS, kifua kinachouma pamoja na homa na pumzi za haraka ni hatari kubwa.

Na kama upande mmoja wa uso umeshuka, mkono umelegea, maneno yanavurugika, hata kama yamepita nyuma ya dakika kumi, ni damu iliyoziba kichwani. Mtu mmoja atafute motari, mwingine achukue video ya sekunde kumi. Kama uko peke yako, acha video, chukua mtoto.

Video inakuwa muhimu zaidi kwa kifafa. Mtoto akianguka na kutetemeka, mlaze upande, ondoa vitu vikali karibu naye, usitie kijiko wala kidole kinywani, na mtu mwingine arekodi mwili wote tangu uso mpaka miguu. Munganga hawezi kuona kifafa mtoto akiwa ameketi mbele yake akila biskuti. Video inamwonyesha kama ni mwili wote unaotetemeka ao mkono mmoja tu, kama macho yamegeuka, na telefone inaonyesha muda. Ikipita dakika 5, usiendelee kungoja nyumbani. Kwa asma, rekodi sauti ya kifua kinachopiga filimbi usiku, maana asubuhi mbele ya munganga mara nyingi kimenyamaza.

Tuje sasa kwa kitu kinachoniumiza. Video hizo na picha hizo ni za nani? Niliona katika kundi moja la WhatsApp picha ya mtoto uchi, mwenye tumbo limevimba, na chini yake maneno ya kuombea. Aliyeituma alikuwa na moyo mzuri. Lakini picha ilizunguka, ikafika masomo ya mtoto, na wenzake wakampa jina ambalo sitaliandika hapa. Mtoto huyo atakuwa kijana, atatafuta kazi, atataka kuoa. Picha za ugonjwa zinatumwa kwa munganga ao muuguzi anayemtibu, basi. Kama mtu mwingine lazima aombe, anaweza kuomba bila kuona tumbo.

Weka namba ya siri kwenye telefone, lakini mtu mmoja zaidi nyumbani aijue, kwa kuwa ugonjwa unaweza kukukuta uko Uvira kwa biashara. Huyo mtu, ningependa awe baba. Najua nyumba ambazo telefone nzuri ni ya baba, inatoka naye asubuhi inarudi usiku, na mama anabaki bila kitu. Sitawafundisha hapa namna ya kuzungumza na mabwana zenu, mnanishinda. Ila mama mmoja alinieleza kwamba hakumwomba bwana telefone. Alimwomba yeye mwenyewe awe anaandika kila mangaribi, mama akisema. Juma la tatu bwana alikuwa anauliza mbele: «Leo amekunywa chupa ngapi?»

Telefone inaibiwa, inaanguka majini, batri inakufa siku tatu umeme haupo. Kwa hiyo kila Jumapili hamisha mambo makubwa kwenye daftari ya karatasi: HB, mashambulio, dawa, mara alizoongezewa damu na mifuko mingapi. Kwenye ukurasa wa kwanza andika «SS», kundi la damu, HB ya kawaida, dawa za kila siku na namba mbili za telefone. Daftari hiyo ikae ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chanjo, fasi ambapo hata mtoto mkubwa anaweza kuichukua. Wengine wetu tumeshatoka nyumbani usiku tukikimbia risasi na hatukuwa na nafasi ya kutafuta. Mfuko mmoja karibu na mlango unatosha.

Mwisho niseme kama mwalimu. Mtueleze. Mtoto wa SS anakunywa sana, kwa hiyo anaomba kutoka kukojoa sana, na mwalimu asiyejua anadhani anacheza. Anamnyima ruhusa, ao anampa adhabu ya kukimbia kuzunguka uwanja, ao kupiga magoti kwenye baridi. Mwanzo wa mwaka mletee mwalimu karatasi ndogo, ao mtumie ujumbe: mtoto huyu ana SS, mruhusu chupa ya maji na choo, asikimbizwe, asiachwe mvuani, akisema anaumwa usingoje saa ya kutoka. Mpe namba yako. Kama mwalimu hana unite atakubipe, nawe utajua maana yake. Siku alizokosa nazo ziandike katika telefone. Siku za mitihani zinapokaribia tunaweza kuhesabu pamoja masomo aliyoyapoteza na kumpa ya kurudilia, badala ya kumuachisha mwaka.

Alhamisi, nyuma ya mkutano, nitabaki saa moja fasi yetu ya kawaida na wale wanaotaka kujifunza kuweka kengele, kurekodi sauti na kupiga picha ya karatasi isomeke. Mlete telefone ikiwa imechajiwa, ya aina yoyote, na karatasi moja ya laboratware ya mtoto. Muuguzi wa kituo cha afya amekubali kuja kutuonyesha namna ya kugusa wengu, kwa hiyo mwenye mtoto wa SS aje naye, amefunikwa vizuri.